Uso wa Kwanza wa Tusajigwe

1

Chungu hakitaki mkono wa mtu. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa miaka thelathini na moja iliyopita, nilipoingia karakana ya Iyunga kupaka alumini kwenye vioo vya taa za malori, na ndilo nililowafundisha wote waliokuja baada yangu. Ukigusa kioo kwa kidole, hata kidole ulichokiosha mara tatu, unaacha mafuta. Wewe hutayaona, lakini chungu kitayaona. Utando utashika vizuri kila mahali, na pale penye mafuta utabanduka.

Chungu ni jina letu sisi wafanyakazi. Ni pipa la chuma lenye kidirisha cha kioo kinene. Pampu hunyonya hewa yote iliyomo mpaka pasibaki kitu. Chini kuna kisahani kidogo, na juu ya kisahani kuna punje ya dhahabu ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Umeme ukipita, kisahani kinakuwa chekundu, halafu cheupe. Dhahabu inayeyuka, inachemka, inapanda kama mvuke wa chai. Kwa kuwa hakuna hewa ya kuusukasuka, mvuke huo unakwenda moja kwa moja mpaka ugonge kitu, na pale ulipogonga unalala na kuganda. Ukiacha dakika moja unapata utando mwembamba kiasi kwamba unaweza kuona mwanga kupitia dhahabu, na mwanga wenyewe unakuwa wa kijani.

Zamani tulipaka taa. Siku hizi tunapaka macho.

Mjukuu wangu Tusajigwe, tunayemwita Tusa, alizaliwa haoni. Mama yake, binti yangu Bupe, alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Miaka saba baadaye Daktari Lusajo alichukua nyama kidogo ya mtoto, akaiotesha kwenye maji ya dawa kwa miezi minane, na kikapatikana kitu kama magamba mawili ya samaki, laini, yanayopitisha mwanga. Magamba hayo yakipakwa metali na kuwekwa nyuma ya jicho, mwanga unageuka kuwa msisimko na ubongo unaupokea. Mambo hayo sasa ni ya kawaida Mbeya. Watoto waliofunguliwa namna hiyo wanacheza mpira Mwanjelwa na huwatambui kati ya wenzao.

Lakini lipo jambo moja. Mtu ambaye hajawahi kuona, ukimfungua macho haoni nyuso. Anaona ukungu wa rangi unaotembea. Ubongo hauna pa kushika, na wengine huogopa wakaomba wafungwe tena. Kwa hiyo tabaka la mwisho la dhahabu huchorwa uso wa mtu mmoja. Hapa tunaongeza chembe tatu, pale tunapunguza mbili, mpaka uso ule ukae ndani ya utando kama mkunjo ndani ya nguo. Mtu huyo peke yake ndiye atakayeonekana ana pua na mdomo siku ya kwanza. Wengine wote watabaki ukungu mwaka mzima, au miwili, au mitano, hadi ubongo ujifunze mmoja baada ya mwingine.

Ndiyo maana Daktari alituita sote, akamkalisha Tusa kwenye kiti kirefu, akamuuliza anataka uso wa nani.

"Wa Bibi Somoe," alisema Tusa.

"Fikiri kwanza, mama. Hakuna haraka."

"Nimeshafikiri. Nataka nione kama ni mbaya kweli kama mume wetu anavyosema."

Bi Somoe, mama wa baba yake, aliyekuwa ameketi karibu naye, alicheka mpaka akashika ubavu. "Mume wetu mwenyewe haoni hata sahani yake. Usimsikilize."

"Jana kanipigia simu mimi, mke mwenzangu, si wewe. Kasema kule Kilwa wanaume wanamcheka, eti kaoa kizee."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia avumilie. Kizee kinajua kupika."

Huo ndio utani wetu wa bibi na mjukuu. Bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenzake, wakagombea babu, wakatukanana kutwa nzima, na kila tusi ni kama kukumbatiana. Mtoto asiyemtania bibi yake, ujue kuna ukuta.

Wakati wa kutoka, Tusa alisikia viatu vyangu. Alisimama vizuri, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama."

Miaka saba alinisalimu hivyo. Mwenzangu alipata matusi, mimi nikapata heshima.

2

Sitamlaumu mtoto. Bupe alipozikwa sikuweza kukishika kile kichanga. Kila nilipokitazama niliona paji la binti yangu, na mikono yangu ilikufa ganzi. Nikarudi kwenye chungu. Dhahabu hailii, na haina paji la mtu.

Bi Somoe alitoka Kilwa na mkoba mmoja, kwa ajili ya arobaini. Arobaini ikaisha, akakaa. Mwanawe Mahadhi, baba wa Tusa, husimamia misafara ya malori yasiyo na madereva kutoka Tunduma kwenda Zambia, na huwa nyumbani siku nne kwa mwezi. Basi mama huyo wa pwani, asiyekuwa na sweta hata moja, alilea mtoto kipofu katika baridi ya Mbeya.

Wivu wangu ulikuwa na macho mazuri sana. Haukukosa wema wake hata mmoja. Niliona jinsi alivyokata kucha za Tusa baada ya kuoga, zikiwa laini, asimuumize. Niliona alivyomfundisha kupima chai kwa kusikiliza mlio wa kikombe kinavyojaa. Nilijua kwamba alikwenda kwa majirani zangu kuuliza nyimbo za kubembeleza za Kinyakyusa, akazikariri bila kuelewa neno, ili mtoto asikose lugha ya mama yake. Nilipolisikia hilo nilikwenda chooni nikalia, na si kwa shukrani.

Tena aliniletea chakula. Kila siku ya kazi, saa saba mchana, alifika getini Iyunga na hotipoti yake: wali, maharage ya nazi, samaki akipatikana. Alijua nina presha, akapunguza chumvi bila kuniuliza. Chakula kile kilikuwa kitamu, na utamu wake ulinikera.

Alipokuja kupimwa uso, mimi ndiye niliyepangiwa zamu. Nilimkalisha katikati ya pete ya taa. Mashine hupima uso kwa mwanga kwa dakika kumi, kila shimo na kila mwinuko.

"Nicheke au nisicheke, mkwe?"

"Kaa unavyokaa."

"Huwa sikai bila kusema."

"Leo jaribu."

Alinyamaza kama nusu dakika. "Mkwe, huu uso wangu wa nini jamani? Ungekuwa bado wa miaka thelathini ningesema sawa. Sasa mtoto anafunguliwa macho ili aone gunia."

"Yeye ndiye aliyeuchagua."

"Amechagua kwa sababu ndio anaousikia. Mtoto huchagua alichokizoea." Alinitazama ndani ya zile taa. "Wewe hukusema neno siku ile."

"Nilikuwa na la kusema?"

Mashine ikalia kwamba imemaliza. Nilimpa mkono ashuke, na mkono wake ulikuwa na joto. Nikakumbuka kwamba mkono huo Tusa anaujua, na wangu haujui.

3

Kila asubuhi, kabla ya kazi ya kwanza, chungu hupimwa. Juu ya kisahani kuna pazia la chuma lenye vijimlango mamilioni, vinavyofunguka na kufungika ili dhahabu izidi hapa na ipungue pale. Vijimlango hivyo huweza kukwama. Kwa hiyo fundi hupaka kwanza kipande cha kioo cha bure, kwa uso wa majaribio, akauangalia chini ya taa. Pale kwetu uso wa majaribio ni wa fundi mwenyewe. Ndio desturi yetu. Hakuna uso unaoweza kuukagua haraka kuliko ule unaouona ukipiga mswaki.

Maana yake ni kwamba kila asubuhi chungu huamka kikiwa na uso wangu. Ili kupaka uso wa mtu mwingine, lazima uubadilishe.

Jumatano ile nilipima, nikaukuta uso wangu sawasawa, na mistari yake yote. Kisha nikatoa magamba ya Tusa kwenye sanduku la baridi. Niliyaosha kwa spiriti, nikayakausha, nikayapumulia. Hivyo ndivyo tunavyokagua usafi: pumzi ikitua na kuondoka kwa pamoja, bila kuacha doa, kitu ni safi. Nilipumua juu ya macho ya mjukuu wangu. Ukungu ukatua, ukaondoka wote mara moja.

Nikayaweka kwenye kishikio kwa koleo. Kando yake nikaweka kioo shahidi, kipande kidogo kinachopakwa pamoja na kazi ili baadaye kiseme kilichotokea ndani. Nikafunga mlango, nikawasha pampu. Inachukua dakika arobaini kuiondoa hewa yote.

Katika dakika hizo arobaini nilipaswa kufanya jambo moja, kuchukua kadi yenye vipimo vya uso wa Bi Somoe, iliyokuwa mezani, na kuiingiza kwenye mashine.

Nilikaa kwenye kigoda changu nikaitazama. Nilijiambia kwamba Bupe alikuwa na uso wangu. Watu wote wa Tukuyu walisema, ukimwona binti umemwona mama. Tusa akiniona mimi atakuwa amemwona mama yake. Nilijiambia mtoto wa miaka saba hajui anachokichagua. Nilijiambia Bi Somoe mwenyewe kajiita gunia. Wivu wangu niliuvika kaniki ya msiba, ukapendeza, ukafanana kabisa na huzuni.

Sindano ya geji, ile inayoonyesha hewa iliyobaki, ilishuka mpaka mwisho. Kadi bado ilikuwa mezani. Mkono wangu, niliouzoeza miaka thelathini na moja kutogusa kisichopaswa kuguswa, haukugusa.

Nikabonyeza. Kisahani kikawa chekundu, kikawa cheupe. Kromi kwanza, ili dhahabu ipate pa kushika. Fedha, tabaka kumi na mbili. Kipande cha kwazi, jiwe gumu kama kioo, kilicho ndani ya chungu hutetemeka muda wote, na kadiri utando unavyokilemea, mtetemo unapungua. Hivyo ndivyo tunavyohesabu chembe tusizoziona. Mwisho dhahabu, na vijimlango vya pazia vikaanza kufunguka na kufungika, kama watu wengi wanaonong'ona.

Ilipokwisha nilikitoa kioo shahidi, nikakiweka chini ya taa. Nilikuwa pale. Paji, mashavu, kidevu. Fundi ndiye anayekagua kioo shahidi, na fundi nilikuwa mimi. Niliandika kwenye fomu: *Sawa.*

Nadhani nilitabasamu. Sina hakika, kwa sababu wakati ule nilikuwa natazama uso wangu wa dhahabu, na huo hautabasamu.

4

Saa saba mlinzi alinipigia simu kwamba mgeni wangu yuko getini. Tulikaa kwenye benchi la nje, juani, kwa sababu ilikuwa Julai na kivuli kilikuwa na baridi. Bi Somoe hakufungua hotipoti. Aliiweka magotini, akaishika kwa mikono miwili.

"Mkwe, nimekuja kukuomba kitu. Usinikatalie."

"Sema."

"Uso wangu usiuweke. Weka wako."

Sikuweza kumtazama.

"Nimelala nikiwaza siku kumi," alisema. "Mimi Tusa ananijua. Harufu yangu anaijua, kikohozi changu anakijua, hata nikisimama mlangoni kimya anasema, mke mwenzangu mbona umenuna. Macho yataniongezea nini? Ni wewe ambaye hakujui. Na wewe ndiye una uso wa Bupe. Mtoto amwone mama yake hata mara moja."

"Yeye alikutaja wewe."

"Tusimwambie. Atakasirika siku mbili, atazoea. Wewe ndiye mwenye mashine, nani atajua? Tufanye iwe siri yetu sisi wawili."

Nilikuwa nimepewa kila kitu. Kilichobaki ni kusema *sawa, mkwe, ahsante*, nile wali wangu, na wizi wangu uzikwe pale pale chini ya benchi. Angenipenda zaidi. Tusa angeniona. Hakuna duniani ambaye angejua.

Nitasema ukweli, kwa kuwa umri wangu hauna nafasi ya kupamba. Si dhamiri iliyonifungua mdomo. Ni wivu. Nilimwona mama yule na hotipoti yake, miaka saba amenilisha, amelea wa kwangu, ameimba nyimbo zangu, na sasa hata uso wangu mwenyewe nitaupata kwake kama sadaka. Kila Tusa atakaponitazama, itakuwa ni kwa hisani ya Bi Somoe. Hata kitu nilichoiba alitaka kukifanya zawadi yake.

"Umechelewa," nilisema. "Nimeshauweka."

"Umeweka nini?"

"Uso wangu. Tangu asubuhi. Kabla hujaniomba."

Alitazama getini kwa muda. Lori lilipita na vumbi lake.

"Ungeniambia lini?"

"Nisingekuambia."

"Kwa hiyo siku macho yanafunguliwa, mimi nimesimama pale nimevaa kanga mpya, mtoto ananitafuta, hanioni. Na wewe umenyamaza."

"Ndiyo."

"Miaka saba nakuletea chakula, nadhani una huzuni."

"Nilikuwa na huzuni."

"Na wivu."

"Na wivu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa bei ya kitu alichokwisha kukila. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Nilidhani ataondoka. Badala yake alifungua hotipoti, akanipa kijiko.

"Kula. Presha yako haitaki njaa. Ukimaliza tunakwenda kwa Daktari, halafu tunakwenda kumwambia mtoto."

"Uliniambia tusimwambie."

"Nilikosea. Mimi nimekuja kumficha kwa wema, wewe umemficha kwa ubaya, na kwake yeye ni kufichwa tu. Macho ni yake." Alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Kula basi, kinapoa."

Nilikula. Sijawahi kula chakula kigumu kukimeza kama kile, na hakikuwa na kosa lolote.

5

Daktari Lusajo ni binti mpole, lakini siku ile hakunikaribisha kiti. Alinyoosha mkono, nikampa kioo shahidi, halafu nikampa na ufunguo wa chungu kabla hajauomba. Alikiangalia kile kioo chini ya taa yake, akaniangalia mimi.

"Bibi Subilaga, wewe ndiye uliyetufundisha wote," alisema.

Kisha alieleza. Utando ukishapakwa kwenye gamba la nyama hauvuliwi, gamba litachanika. Kuotesha mengine ni miezi minane. Tusa atakuwa anakaribia miaka minane na nusu, na kwa umri ule ubongo umeanza kufunga mlango. Anaweza kuona kama wenzake. Anaweza pia kubaki na mwanga na giza tu maisha yake yote. Daktari hakutaka kubahatisha ni lipi. Tulimpigia Mahadhi simu Tunduma, akasikiliza mpaka mwisho. "Mwulizeni mwenye macho," alisema, akakata.

Tulimkuta Tusa sebuleni anamenya njegere. Bi Somoe alitaka kuanza, nikamgusa mkono. Hilo lilikuwa langu.

"Shikamoo, Bibi," alisema Tusa, akaacha njegere.

"Tusa, nimekufanyia jambo baya."

Nilimwambia lote, kwa maneno mafupi, mpaka kadi iliyobaki mezani. Nilimwambia pia maneno ya Daktari: achukue haya yenye uso wangu, au angoje mengine na hatari yake. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya bakuli la njegere na haikusogea.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilimwonea wivu Bibi Somoe."

"Kwa sababu ya babu?"

"Hapana. Kwa sababu yako."

Alifikiri. "Sasa Bibi Somoe nitamwona lini?"

"Mwaka. Labda miwili. Inategemea unavyofundishwa."

"Mke mwenzangu, utakuwa bado upo?"

"Niende wapi?" alisema Bi Somoe. "Nikuachie mume?"

Tusa hakucheka. Aliinuka, akaja mpaka kwenye magoti yangu, akanyoosha mikono. Ilinuka njegere mbichi. Alinishika uso. Hakuwahi kunishika uso. Alianza kwenye paji, akashuka polepole kwenye nyusi, akakaa sana kwenye mashavu, ambayo yalikuwa yamelowa, akayafuta kwa gumba. Alikuwa anafanya kama Bi Somoe alivyomfundisha kufanya na kila kitu, kwa subira, bila kuumiza.

"Mama alikuwa hivi?"

"Karibu hivi. Bila mikunjo."

"Nitachukua haya," alisema hatimaye. "Sitaki kungoja, naogopa. Ila wewe, Bibi mwizi, hutakwenda kazini tena."

"Sina kazi tena."

"Vizuri. Utakaa hapa. Wewe ndiye utanifundisha kumwona Bibi Somoe. Kila siku. Uniambie pua yake ilipo na mdomo wake ulipo, mpaka nimwone."

Bi Somoe alisema hapana, mkwe ni mtu mzima, asidhalilishwe.

"Ameiba yeye," alisema Tusa. "Alipe yeye."

6

Bandeji zilitolewa asubuhi ya Jumatatu, chumba kikiwa na mapazia nusu. Daktari aliniweka mbele ya kiti kwa sababu ndiyo kanuni, uso wa kwanza ukae mbele. Bi Somoe alikwenda mwenyewe kusimama dirishani. Alikuwa amevaa kanga mpya ya manjano.

Tusa alifumbua macho, akayafumba, akayafumbua tena. Yalizungukazunguka kama yanayotafuta mlango. Kisha yakanifikia, yakatulia.

Hakuna aliyewahi kunitazama vile. Hata Bupe, alipokuwa kichanga, alitazama na vitu vingine. Huyu alikuwa na kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa mimi. Nililolitamani nililipata lote, na lilikuwa zito.

"Una mistari mingi," alisema.

"Ni ya uzee."

"Mdomo unatembea ukisema. Bibi Somoe hakuniambia kwamba mdomo unatembea." Aliutazama zaidi, halafu akaanza kuhangaika, akigeuza shingo huku na huku. "Yeye yuko wapi?"

"Kushoto kwako. Ile rangi kubwa."

"Ile inayotikisika?"

"Ile. Hiyo ni manjano."

Aliitazama. Alikunja paji, akajitahidi, akasogeza kichwa mbele. "Haina uso," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Miaka saba nilikuwa nimengoja kusikia maneno kama hayo. Dirishani ile manjano iliacha kabisa kutikisika. Alikuwa amezuia pumzi.

"Anao," nilisema. "Nisikilize. Anzia juu. Paji lake ni fupi na lina mikunjo miwili tu, si kama langu. Nyusi ya kulia iko juu kidogo kuliko ya kushoto, kwa hiyo hata akinyamaza anaonekana kama anakuuliza umekula. Umeifuata?"

"Naifuata."

"Shuka. Macho ni madogo, na yana mikia ya mistari pembeni, kwa kucheka. Chini ya jicho la kushoto kuna kidoti cheusi. Akicheka unakiona kinapanda. Pua ni pana, imelala, na upande mmoja ina tundu la kipini cha zamani ambacho alikivua alipokuja kukulea wewe, kwa sababu ulikuwa unakivuta."

Sikujua kwamba nayajua haya. Miaka yote nilikuwa nikiutazama uso ule nikitafuta kasoro, na katika kutafuta nilikuwa nimeuokota wote, kidoti kwa kidoti. Hakuna mtu Mbeya nzima aliyemjua mwanamke yule kwa sura kama nilivyomjua mimi.

"Mdomo," alisema Tusa. "Usisimame."

"Mdomo wa juu ni mwembamba. Wa chini umenona. Akitaka kulia na hataki tujue, huuma ule wa chini, upande wa kulia."

"Sasa anauuma?"

Nilimtazama Bi Somoe.

"Anauuma," nilisema.

Tusa alinyoosha mkono kuelekea ile manjano, vidole vimepanuka, bila kuondoa macho pale nilipomwambia mdomo ulipo.